Simu ina megapikseli 48, sura ya babu iko wapi?

Na mwandishi wetu, Chanika, Handeni

MPENZI msomaji, kuna aibu za kumeza peke yako na kuna aibu za kuwagawia wenzako ili wasije wakaingia shimo lile lile. Hii ya leo ni ya kugawana.

Babu yangu mzaa baba alitutoka mwaka juzi hapa hapa Chanika. Matanga yalipokwisha, wazee wakaamua kwamba kufikia arobaini ipatikane picha moja kubwa ya marehemu, itiwe fremu, iwekwe sebuleni, na wajukuu walioko Dar na Arusha wapelekewe nakala zao. Kazi hiyo nikapewa mimi, maana ukoo mzima unajua kwamba mimi ndiye mtu wa picha. Si nilikuwa na simu ya maana bwana! Mgongoni imeandikwa kwa herufi za kung'aa: 48MP.

Ngoja nikupe kisa kuanzia juu.

Miezi kama saba kabla ya babu kufariki tulikuwa na harusi ya binamu yangu. Babu siku hiyo alipendeza, asikwambie mtu. Kanzu nyeupe, kofia ya kiua, bakora mkononi. Mpiga picha mmoja wa hapa mtaani, ambaye sisi vijana tunamwita Fundi tu, alikuwepo na kamera yake aina ya Canon EOS 1200D. Ni toleo la mwaka 2014, na ile yake ilishachoka, mpira wa kushikia umeanza kubanduka.

Fundi akanivuta pembeni. "Dogo, mzee leo katoka bomba. Mwambie akae pale kivulini nimpige moja ya peke yake. Utanipa chochote."

Nikamwuliza, "Kaka, hiyo kamera yako ina megapikseli ngapi?"

"Kumi na nane."

Nikacheka mbele za watu. "Yangu arobaini na nane. Sasa nikulipe wewe kwa lipi?"

Fundi hakunijibu. Akaenda zake kupiga watu wa keki.

Usiku wake nikawapanga ukoo mzima sebuleni, taa yenyewe moja ya sola, nikapiga. Babu alikuwa safu ya nyuma kabisa, karibu na kabati. Nikairusha ile picha kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, nikapewa sifa zangu. Baada ya wiki chache nikaibiwa simu safarini. Kilichobaki duniani cha babu akiwa mzee ni ile nakala ya kwenye grupu.

Basi nikapanda gari mpaka Korogwe, kwenye studio moja ya kusafisha picha. Kijana wa pale akaifungua kwenye kompyuta, akaikuza, akakuza tena, akatikisa kichwa. "Dogo, hapa hamna picha. Huu ni uji." Akanihesabia. Sura ya babu kutoka sikio hadi sikio ilikuwa na vitone 60 tu!

Tukaishia kutumia picha ya studio ya miaka ya sabini, nyeusi na nyeupe, saizi ya posta kadi, iliyokuwa imelala kwenye sanduku la bibi. Babu kijana, suruali bugaluu, kiatu raizoni, redio kaiweka begani. Wakaiskani, wakaikuza mpaka ukubwa wa karatasi ya A4. Ikatoka safi, hata kifungo cha shati unakiona.

Siku ya arobaini ikawekwa pale sebuleni. Mtoto wa dada yangu, wa miaka mitano, akaitazama kwa muda, halafu akanivuta shati.

"Mjomba, huyu kaka ni nani?"

Msomaji wangu, sikuwa na la kumjibu. Kuanzia siku hiyo nikaanza kuuliza maswali ambayo ilinipasa niyaulize mapema. Imekuwaje kamera ya 48 ikashindwa na picha ya mkanda ya miaka hamsini iliyopita? Na ile ya Fundi yenye 18, niliyoicheka, ingetoa nini?

NAMBA YA KWENYE BOKSI

Tuanze na hii megapikseli inayotutia wazimu.

Picha ya dijitali ni kama pazia la shanga. Kila ushanga una rangi yake, na ukisimama mbali unaona ua au ndege. Ushanga mmoja ndiyo pikseli moja. Shanga milioni moja ndiyo megapikseli moja. Basi, hakuna uchawi mwingine.

Kamera ya kwanza ya dijitali ya kubeba mkononi ilitengenezwa mwaka 1975 na injinia kijana wa kampuni ya Kodak ya Marekani, Steven Sasson. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 4, picha zake nyeusi na nyeupe, na kila moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti, ndiyo, kaseti ya kanda kama zile za muziki. Ilikuwa na vitone 100 kwa 100, yaani 10,000 kwa jumla.

Sasa piga hesabu na mimi. Sura ya babu kwenye picha yangu ilikuwa vitone 60 kwa upana. Kwa hiyo mimi, na 48 yangu, nilimpa babu vitone vichache kuliko mashine ya kwanza kabisa ya mwaka 1975. Kaazi kwelikweli!

Zilipotelea wapi? Kwanza, simu nyingi za 48 kwa kawaida haziandiki 48. Zinaunganisha vitone vinne vinne kuwa kimoja, na picha inayotoka ni ya 12. Za 108 nyingine huunganisha tisa tisa, nazo zinarudi kwenye 12 hiyo hiyo. Pili, picha ilikuwa ya watu zaidi ya ishirini, kila mtu kapata kipande chake kidogo. Tatu, WhatsApp ikaikamua ili ipite haraka mtandaoni.

Halafu hesabu yenyewe ina mtego. Ukitaka picha yenye vitone mara mbili kwa upana na mara mbili kwa urefu, unahitaji megapikseli mara nne. Kutoka 12 kwenda 24 si mara mbili ya uzuri, ni kipande tu. Picha ya posta kadi inatoka vizuri kwa megapikseli 2 na kidogo. Karatasi ya A4 inataka kama 9, na ya A3, ile kubwa ya kutundika ukutani, inataka kama 17 na nusu. Ile 18 ya Fundi niliyoichekea ilitosha kumtundika babu mzima mzima kwenye A3.

Ongeza na hili. Madukani kuna vikamera vya bei poa vimeandikwa 48, vingine 64, kumbe ndani sensa ni ndogo na zilizobaki zimepachikwa na kompyuta ya kamera kwa kukisia. Hayo ni maziwa yaliyotiwa maji, mpenzi msomaji. Ndoo imejaa, lakini chai haibadiliki rangi.

SENSA ISIYOHESABU WATU

Nikisema sensa usifikiri makarani wanakuja kubisha hodi. Sensa ya kamera ni kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, kilichochukua nafasi ya mkanda. Hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa mambo.

Sisi watu wa Handeni tunajua shida ya maji, kwa hiyo nitakupa mfano wa nyumbani. Mvua ikinyesha, mwanga ndiyo mvua yenyewe. Sensa ni chombo ulichotega. Lenzi ni bati na mfereji unaoleta maji kwenye chombo.

Mwenye pipa na mwenye kikombe wakitega mvua kubwa ya masika, wote wanajaza. Lakini ikiwa ni manyunyu, mwenye kikombe anapata matone, mwenye pipa anapata ya kupikia. Jua la saa nane mchana ni masika. Sebule yenye taa moja ya sola ni manyunyu.

Kwa vipimo: sensa ya Canon 1200D ni milimita 22 kwa 15 hivi. Sensa za simu nyingi za kawaida hazifiki hata milimita 7 kwa 5. Ukizidisha, ya kamera ni zaidi ya mara tisa kwa eneo. Zile kamera kubwa wanazoziita fulu fremu zina sensa ya milimita 36 kwa 24, ambayo ni saizi ile ile ya negativu ya mkanda wa zamani. Kama kwenu kuna negativu kwenye bahasha, itoe uitazame, halafu linganisha na kijicho cha simu. Utaelewa bila mwalimu.

Kikombe kikikosa maji, simu inafanya nini? Inaanza kukisia. Inapata punje punje za rangi, kisha kompyuta yake inazipangusa, na katika kupangusa huko inapangusa na ngozi, nywele na mikunjo. Ndiyo maana picha za usiku za simu watu wote wanatoka laini kama wamepakwa unga.

BIBI AKAA MLANGONI

Maneno matupu hayavunji mfupa. Nikajikaza nikaenda kwa Fundi.

"Kaka, nimekuja kuomba radhi."

Akaniangalia. "Zile 48 zimekwisha?"

Akacheka, nami nikacheka, lakini changu kilikuwa kicheko cha uchungu. Nikamweleza habari ya mtoto na "huyu kaka". Fundi akanyamaza. Kisha akasema, "Bibi si yupo? Twende tukampige sasa hivi. Na hiyo simu yako mpya ilete, tuone."

Tukabeba vitu vinne. Simu yangu mpya, ambayo nayo inajisifu 50. Kamera ndogo ya mfukoni ya megapikseli 10, Fundi aliitoa chini ya boksi la vyuma chakavu. Kisha ile Canon 1200D ikiwa na lenzi yake iliyokuja nayo, ya milimita 18 hadi 55, ambayo inavuta na kurudisha. Mwisho, Canon hiyo hiyo lakini na lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8. Hii haivuti wala hairudishi, ukitaka mtu awe mkubwa unamsogelea kwa miguu yako.

Bibi alipotuona na mizigo ile akashangaa. "Mume wangu, mara nne zote hizo mnataka kunipeleka wapi?" Lakini akaingia ndani, akatoka na kanga mpya.

Mara ya kwanza tulimpiga nje, saa kumi jioni, kivulini chini ya mwarobaini. Nitakuwa mkweli: hapo simu haikuaibika. Ukiziangalia picha kwenye kioo cha simu, yangu ndiyo ilikuwa na rangi za kuwaka zaidi. Hata kile kikamera cha mfukoni kilijitahidi. Mwanga ukiwa tele, kila mtu fundi.

Kitu kimoja tu kilimkera bibi. "Pua yangu hii mmeivuta?" Kweli, kwenye simu pua ilikuwa imetangulia mbele kama inawahi gulio. Hilo si kosa la simu. Lenzi ya simu inaona eneo pana, kwa hiyo ili sura ijae inabidi umsogelee mtu mno, na kitu kilicho karibu kinakuwa kikubwa. Rudi hatua mbili nyuma, pua inarudi kwake.

Mara ya pili tulimweka ndani, kwenye kiti, hatua moja kutoka mlangoni, uso ukiangalia nje. Fundi ananiambia huu ndio mwanga wa bure unaoshinda taa za studio, maana unaingia upande mmoja na kuchora uso. Hapa kikamera cha mfukoni kikaanza kutoa punje punje. Simu ikabaki, lakini nywele za pembeni zikawa kama zimechorwa kwa kalamu ya risasi. Canon na lenzi zake mbili zikatoka safi.

Mara ya tatu ndiyo mtihani wa mwisho. Usiku, sebule ile ile, taa ile ile ya sola.

Kikamera cha mfukoni kikakata tamaa, kikalazimisha flashi, bibi akatoka macho makavu kama kapigwa tochi na mgambo. Canon na lenzi ya 18 hadi 55 ikafungua tundu lake lote, lakini kwenye milimita 50 mwisho wake ni f/5.6, kwa hiyo ikabidi ikae wazi moja ya sita ya sekunde. Bibi akapumua, picha ikayumba.

Fundi akabadili lenzi. Kamera ile ile, sensa ile ile, megapikseli zile zile 18. Akaweka f/1.8. Sasa hivi ikatosha moja ya sitini ya sekunde, na bibi akatoka ametulia, jicho linaonekana na taa ikimeremeta ndani yake.

Mimi niliyeishia kidato cha nne nikakumbuka lenzi mbinuko za kwenye somo la fizikia ambalo nilikuwa nalichezea. Namba ndogo, tundu kubwa. Kwa lenzi ya milimita 50, f/1.8 ni tundu la upana wa milimita 28 hivi, na f/5.6 ni la milimita 9. Ukipiga hesabu ya eneo, lile kubwa linaingiza mwanga karibu mara kumi. Bati la nyumba nzima na bati la banda la kuku, mvua ni ile ile.

Lakini isije ikaonekana lenzi hiyo ni malaika. Kwanza, kwenye kamera kama ya Fundi inaona eneo jembamba, nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta na bado bibi na kiti chake hawakuenea. Pili, ukifungua tundu lote, eneo linalotoka kali ni dogo sana: jicho la karibu linaonekana, sikio limeyeyuka. Kwa mtu mmoja ni utamu, kwa ukoo mzima ni balaa. Fundi anasema kwa watu wawili ufunge mpaka f/2.8, na kwa kundi f/5.6 au zaidi. Na ndiyo maana ile ya 18 hadi 55 haitupwi, mchana kwenye picha za kundi ndiyo mkombozi.

WEUSI WETU NA SHELA NYEUPE

Hapa nisikilize vizuri, wewe unayetaka kuoa.

Kamera ina kipimo cha mwanga, na kipimo hicho kimefundishwa kuona dunia yote kama kijivu. Ikikutana na shela nyeupe, ukuta mweupe na kanzu nyeupe, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Shela inatoka kijivu, na bwana harusi mweusi kama mimi anabaki meno na kola. Dawa yake ni ndogo: tafuta kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, jumlisha moja. Kwenye simu, gusa uso wa mtu, halafu pandisha kile kijua kidogo.

Na tusidanganyane, vifaa hivi havikutengenezwa kwa kutufikiria sisi. Kwa miaka mingi maabara za picha za Marekani zilipimia rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, ambazo mafundi walizibandika jina la Shirley. Akitoka vizuri Shirley, mashine imepona, wengine mtajijua. Siku hizi soko limewafumbua macho. Kampuni ya Transsion ya China, yenye simu za Tecno, Infinix na itel, moja ya mambo yaliyoipatia soko Afrika ni kurekebisha kamera zake kwa ngozi nyeusi. Mwaka 2021 nao Google wakaja na mpango wao kwenye simu ya Pixel 6. Kwa hiyo kabla hujanunua usiangalie picha za dukani za maua na magari. Mpige muuzaji mwenyewe, pale ndani ya duka, uone kama anatoka ni yeye.

Jambo jingine ni turubai. Harusi zetu turubai la bluu juu, mwanga unapita humo, watu wote wanatoka kama majini waliopanda kutoka baharini. Hakuna megapikseli ya kutibu hilo. Watoe maharusi nje kivulini dakika tano, au mwambie mpiga picha ahifadhi kwa mfumo wa RAW, ambao unamruhusu kurekebisha rangi baadaye kwenye kompyuta.

VUMBI LA HANDENI, UKUNGU WA TANGA

Lenzi nzuri ikichafuka ni mbaya. Hapa kwetu vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa, sembuse kamera iliyofunguliwa mdomo. Ukibadili lenzi, geukia upande upepo unakoenda, kamera itazame chini, fanya haraka. Usipulize kwa mdomo, mate ni mabaya kuliko vumbi. Na usifute kwa ncha ya kanga, ule mchanga unachora kioo. Kuna kipuliza cha mpira na brashi laini.

Ukishuka kuelekea Tanga mjini adui anabadilika. Unyevu wa pwani unaotesha kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hasa ikilala kabatini gizani miezi. Zile pakiti ndogo za punje zinazokuja kwenye maboksi ya viatu usizitupe. Zifungie pamoja na lenzi kwenye kopo lenye mfuniko mzuri. Kabla ya kununua lenzi ya mtumba, imulike kwa tochi kutoka nyuma utazame ndani. Ukiona utando, rudisha.

Na wewe mwenye simu usijione umesalimika. Kijicho chake kinashinda mfukoni na mafuta ya mikono. Kabla ya kupiga kifute kwa kitambaa safi cha pamba. Wengi wanaolalamika picha zina moshi, moshi wenyewe ni mafuta ya chipsi.

UKIWA NA HELA YA MBUZI WACHACHE

Vijana wengi wananiuliza wanunue nini. Mimi si muuzaji, lakini niliyoyaona ninayasema.

Kama hela ni ndogo na unataka kufanya kazi ya picha, usikimbilie kamera mpya yenye namba kubwa. Chukua ya mtumba iliyo nzima, hata ya 18 au 16, hela inayobaki weka kwenye lenzi. Hiyo ya 50 f/1.8 ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa za Canon, na Nikon nao wanayo yao. Kamera itazeeka, lenzi utaihamishia kwenye kamera nyingine ya aina hiyo hiyo.

Kama huna mpango wa kazi, baki na simu yako, lakini iheshimu. Mweke mtu karibu na mlango au dirisha. Mpige peke yake, si safu ya ishirini na mbili. Na picha ya maana usiirushe WhatsApp kama picha ya kawaida: itume kama faili, au chagua HD ambayo WhatsApp waliiongeza mwaka 2023. Kisha iweke sehemu mbili, maana simu inaibwa, inazama, inaanguka. Nakuapia.

Na la mwisho, nenda ukasafishe. Picha iliyoko kwenye karatasi haihitaji chaji.

Baada ya jaribio letu nilisafisha picha nne za bibi Korogwe, zote za usiku, A4, majina nimeandika nyuma kwa kalamu. Nikampangia mezani nikamwambia achague. Ile ya kikamera cha mfukoni akaigeuza kifudifudi. Ile iliyoyumba akaiweka kando. Ya simu akaiangalia sana. "Huyu ni mdogo wangu? Mbona hana kovu?"

Akachukua ya mwisho, ya lenzi ya 50. Akapitisha kidole juu ya nyusi ya kushoto, kwenye karatasi, halafu kwenye uso wake mwenyewe. Kovu lilikuwepo. Mimi mjukuu wake niliyelelewa mikononi mwake sikuwahi kuliuliza.

"Ndoo ya kisimani hii," akasema. "Nilikuwa msichana. Babu yako ndiye aliyekuja kunifunga kitambaa, na redio yake begani."

Ile picha ya mlangoni tukaisafisha A3. Nikamlipa Fundi bei yake yote, safari hii sikuuliza megapikseli. Sasa iko sebuleni, pembeni ya yule kijana wa bugaluu. Siku tuliyoitundika, mtoto wa dada yangu aliingia anakimbia kutoka kucheza, akasimama, akanyoosha kidole.

"Bibi!"

Kwa leo niishie hapa, mpenzi msomaji. Kama wazee wako wapo, kesho asubuhi watolee kiti mlangoni. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.